Mdomo wa Baba Mdogo

Watu wa kwetu Buzebazeba, Ujiji, hawajawahi kuielewa shahada yangu, na mimi nimechoka kuieleza. Ukisema unasomea udaktari, mtu anakuonyesha goti linalomuuma. Ukisema unasomea sheria, anakumbuka kiwanja chake kilichovamiwa. Mimi nikisema nasoma shahada ya uzamili ya historia na siasa za kimataifa, wanaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kisha wanauliza kama nikimaliza nitakuwa balozi. Mwanzoni nilikuwa najibu kwa kirefu. Siku hizi nasema "Inshallah", tunaendelea na mengine.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kukusanya habari za tasnifu yangu. Nilichokuwa nachunguza ni wakalimani. Wazungu walipokwisha kugawana ziwa hili, wa ng'ambo na wa upande wetu walikuwa na vikao visivyokwisha na wazee wa mwambao, na katika kila kikao palikuwa na mtu wa katikati ambaye jina lake liliandikwa ovyo au halikuandikwa kabisa. Bwana mkubwa alisema, mkalimani akasema. Mzee akajibu, mkalimani akasema. Nilitaka kujua mtu huyu alikuwa anayafanya nini maneno ya wenzake yakiwa mdomoni mwake. Msimamizi wangu kule Dar, mtu mpole lakini king'ang'anizi, alinipigia simu mara kwa mara kuniuliza swali lile lile: "Ushahidi uko wapi kwamba mkalimani alikuwa na hiari?" Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na hisia tu, na hisia hazipewi alama.

Nyumbani nako hapakuwa na utulivu wa kusomea. Mdogo wangu, anayeuza vitenge sokoni Kigoma, alikuwa amepata mchumba, kijana wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, fundi wa injini za boti. Walijuana kijana alipokuja kutengeneza boti moja pale bandarini na akahitaji kitambaa cha kufutia mikono. Mdogo wangu akamuuzia kitenge kizima. Baada ya hapo injini za upande wetu zikawa zinaharibika kila mwezi. Kwa hiyo wazee wa kijana walikuwa wanakuja kuposa, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa.

Baba yetu alifariki zamani, na aliyeshika nafasi yake ni baba mdogo. Huyu ni mtu wa sauti. Akisalimia jirani, mtaa mzima unaitikia. Yeye ndiye msemaji wa ukoo kwenye posa na kwenye matanga, na nimeshuhudia akimaliza ugomvi wa urithi kwa kuzungumza tu mpaka watu wakachoka kugombana. Katika jambo la mdogo wangu alikuwa ametamka neno moja tangu mwanzo na hakuliongezea la pili: mtoto havuki maji. Kama kijana anampenda, ahamie Ujiji. Boti zipo na huku. Kijana naye ana karakana kule, na mama yake ni mjane, hawezi kumwacha.

Sababu ya neno lile tuliijua sote, ila haikuwa ya kutajwa. Baba na baba mdogo walikuwa na dada yao. Aliolewa ng'ambo, akaishi vizuri, akawa analeta mawese na vitenge kila akija. Kisha kule kukaingia vita, watu wakatawanyika, na habari zake zikakatika. Mpaka leo hatujui. Baba mdogo alikwenda kuuliza kwa kila aliyeshuka kwenye boti, miaka kwa miaka, halafu siku moja akaacha kwenda bandarini, na hakurudi tena hata kumpokea mgeni.

Mdogo wangu aliniambia wazi, akikunja vitenge vyake kwa hasira: "Akikataa, siolewi na mwingine. Na sitoroki, mimi si mtu wa kutoroka. Nitakaa hapa hapa nizeeke mbele ya macho yake." Namjua. Angezeeka kweli, tena kwa makusudi.

Sasa, siku moja kabla ya posa, baba mdogo alikwenda kwenye banda umiza, lile la video mtaani, kutazama mpira. Timu yake ilikuwa nyuma mpaka karibu na mwisho, ikarudisha, ikaongeza. Aliporudi nyumbani alifungua mdomo kutueleza na hakikutoka kitu. Tulimnywesha tangawizi, tukamnywesha asali na ndimu, mama akampa maji ya chumvi asukutue. Asubuhi alikuwa na mnong'ono tu, ule wa mtu anayeongea na sikio lako peke yake. Nikapendekeza aandike. Akachukua kipande cha gazeti akaandika kwamba haandiki, posa si kituo cha polisi.

Wazee wengine wa ukoo walikuwa wanaikwepa kazi ya kusema, kwa kuwa hakuna aliyetaka kulinganishwa naye. Baba mdogo akatuzungushia macho wote, akaninyooshea kidole mimi. Nikadhani ananituma maji. Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Nilipolalamika kwamba sijawahi kusemea hata kuku, na kwamba mwanamke hasemei posa, alinijibu huku anamenya vitunguu, "Wageni wanatoka nchi nyingine. Wewe umesomea mambo ya nchi na nchi. Shida iko wapi?"

Basi nikavaa.

Wageni walifika baada ya adhuhuri. Alikuwepo mjomba wa kijana, mrefu, ndani ya suti nzito isiyojali joto la Kigoma, na ndiye aliyekuwa msemaji wao. Alikuwepo mama wa kijana, mnene, mtulivu, kitenge kipya kutoka kichwani mpaka miguuni. Nyuma yao jamaa zao wawili wanaoishi hapa mjini, Bangwe, ambao kazi yao ilikuwa kuwaonyesha njia na baadaye kula. Kijana mwenyewe hakuja, maana mposaji hajiposei. Upande wetu baba mdogo alikaa kwenye kiti chake kikubwa, wazee wenzake ukutani, na mimi kwenye kigoda, bega langu likigusana na mkono wa kiti ili sikio liwe karibu na mdomo wake. Mdogo wangu alikuwa chumbani nyuma ya pazia na simu. Mama alikuwa jikoni na vyungu vilikuwa tayari, migebuka, samaki wa ziwani, imeshakolea mawese, harufu imejaa nyumba nzima. Lakini katika ukoo wetu chakula hakiletwi mpaka mazungumzo yamekaa. Mwenye nyumba akiagiza chakula, amekubali. Akiagiza soda peke yake, wageni wanaanza kutafuta viatu.

Mjomba akakohoa. "Sisi ni wasafiri," akasema. "Tulikuwa tunapita zetu, tukaona moshi. Tukasema penye moshi hapakosi jiko. Na sisi kwetu jiko limekosekana."

Hapo nilipaswa kushangaa. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba upande wa binti haujui lolote. Unajiuliza wageni hawa wanatafuta nini, unawauliza kama wamepotea, unawatania mpaka watoke jasho. Lakini mimi nilikuwa nimekesha na vitabu vya majadiliano ya kimataifa, na kitabu kilisema mwenye hoja nzito aiweke mezani mapema ili muda usipotee. Nikanyoosha mgongo, nikasema kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano wa wakuu wa nchi:

"Karibuni sana. Tunafahamu mmekuja kumposa mdogo wangu. Kwa upande wetu hoja kuu ni moja, nayo ni makazi ya wanandoa baada ya harusi."

Jikoni kilianguka kijiko. Wazee wa ukutani walitazama dari. Mjomba alibaki na mdomo wazi, kama mtu aliyekuja na zawadi akakuta watoto wameshaifungua. Baba mdogo akanifinya mkono, nikahisi mpaka kwenye meno.

"Mama," mjomba akaniambia polepole, "sisi hatujaomba hata mayi ya kunywa, na wewe unatugawia nyumba ya kulala?"

Simu ikatetemeka mapajani. Mdogo wangu alikuwa ameandika: "Hivi umesomea nini hasa?"

Nilitaka kuomba radhi, lakini sikujua niombe kwa mtindo gani, wa kitabuni au wa kwetu, na nilipokuwa nachagua, mama wa kijana akamgeukia kaka yake. "Yaya," akamwambia, kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa, "tutoke inje, tubishe tena."

Na wakatoka. Wote wanne waliinuka, wakavaa viatu, wakatoka mpaka barabarani. Jirani yetu wa mbele, ambaye alikuwa amejiweka kwenye kibaraza kwa shughuli hiyo hiyo, alidhani posa imevunjika na akaanza kumpa mama pole kwa sauti kupitia dirisha la jikoni. Mama akamwambia anyamaze, wageni bado hawajafika.

"Hodi!"

"Karibu! Ni akina nani wenzetu?"

"Wasafiri. Tumeona moshi."

Safari hii nilikuwa nimeamka. Niliwauliza wanatafuta jiko la aina gani, maana hapa kwetu yapo mawili ya mkaa, moja limetoboka, na moja la gesi ambalo halijawahi kuona gesi. Mjomba akacheka mpaka akafungua vifungo vya suti. Akasema jiko analolitaka linauza vitenge. Nikamwambia jiko hilo lina maneno mengi na halipiki likiwa na njaa. Kutoka nyuma ya pazia kulisikika mguno. Wazee wa ukutani waliteremsha macho kutoka darini, mmoja akanitupia na neno la msaada, na nikajiona kumbe naiweza kazi. Nilifurahi, nasema kweli. Hakuna semina iliyowahi kunipa raha ile.

Lakini utani una mwisho wake. Mjomba alijifuta uso, akaweka mikono magotini. "Haya," akasema. "Tumecheka. Sasa wenye nyumba wanasema nini?"

Macho yote yakamwelekea baba mdogo. Akainama kwenye sikio langu, ananuka tangawizi, akaninong'oneza kwa Kiha, lugha anayoitumia akiwa hana mzaha. Waambie hatutoi mtoto kuvuka maji. Akimtaka, aje akae hapa. Basi.

Simu ilikuwa inatetemeka na sikuitazama.

Miezi yote ile nilikuwa namtafuta mtu wa katikati kwenye majalada, namna gani alichagua, lini alichagua. Sasa nilikuwa nimekalia kigoda chake. Nikagundua jambo ambalo halimo kwenye majalada, kwamba yule mtu alikuwa anatoka jasho. Nilimkasirikia baba mdogo. Nilikasirika kwa ajili ya mdogo wangu na kwa ajili ya migebuka ile inayopoa, na nilikuwa tayari kabisa kulitoa neno lake kama lilivyo, kavu, ili kila mtu aone ukali wake. Nikamgeukia kwanza. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anawatazama wageni, na mkono wake umeng'ang'ania kiti kama mtu aliye ndani ya boti wakati wa mawimbi. Hasira yangu ikaisha hapo hapo.

"Baba yangu mdogo anasema anaogopa," nikawaambia.

Nikaendelea kabla sijafinywa. "Anasema walikuwa na dada yao. Aliolewa upande wenu, akapendwa. Vita vilipokuja hatukupata tena habari zake, hata ya kwamba amekufa. Anasema hana neno na kijana wenu, wala na nchi yenu. Anaogopa maji."

Hapo nilifinywa. Lakini masikio yake yalikuwa mazima, alisikia kila kitu, na kama angetaka kunikana angeweza kutikisa kichwa tu, wote tungeona. Hakutikisa. Vidole vilivyonifinya vilibaki juu ya mkono wangu, na baadaye vikalegea, lakini hakuviondoa.

Mjomba alitaka kujibu. Dada yake akamgusa goti, akajibu yeye.

"Mimi pia niliogopa," akasema mama wa kijana, akimwambia baba mdogo, si mimi. "Wakati wa ile vita tulikimbia, tukavuka kuja huku. Nilikuwa na tumbo. Sikujua mutu hata moja. Huyu kijana nilimuzaa kambini, upande wenu. Wamama wa huku ndio walinipokea, walimuogesha, walimupa nguo. Sasa kama mulinipokea mimi na tumbo, namna gani mimi nishindwe kupokea mutoto wenu?"

Aliyasema bila kulia, na bila kupandisha sauti. Mzee mmoja wa ukutani alivua kofia yake akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Nikainama kumpa baba mdogo sikio. Alinisogeza pembeni kwa kiganja, kwa upole, kama unavyosogeza pazia, akasimama mwenyewe. Sauti iliyotoka ilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa mchanga.

"Chakula kiletwe."

Mama alitokea na sinia kabla neno halijaisha, na ndipo nilipojua alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote. Chumbani mdogo wangu alipiga vigelegele, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye posa ya kwetu, binti kujipigia vyake mwenyewe, na jirani wa mbele akaitikia bila hata kujua kimeamuliwa nini. Jamaa wa Bangwe wakaanza kazi yao.

Msimamizi wangu alipopiga simu nilimsimulia yote bila kupumua. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Huo si ushahidi," akasema, "huo ni umbea wa nyumbani kwenu." Nikaanza kubishana naye, nikamwambia aje aone alama mkononi mwangu. Alicheka. Akasema niandike ningali naukumbuka, pa kuuweka tutapatafuta.

Sauti ya baba mdogo ilirudi pole pole, na iliporudi aliniita barazani. Nilijua nimekwisha. Alikuwa anakunywa kahawa.

"Siku ile," akasema, "mimi nilisema naogopa?"

"Hukusema, baba."

"Basi ulisema uongo."

"Ulikuwa uongo?"

Akatazama ndani ya kikombe. "Kahawa hii imepoa," akasema. Nikaenda kumletea nyingine.

Nikah ilisomwa nyumbani, kwa kelele na pilau nyingi, na baba mdogo aliongea siku hiyo mpaka imamu akamwomba ampe nafasi. Baada ya siku chache maharusi walikuwa wanavuka. Baba mdogo alimwagia mdogo wangu dua pale nyumbani mlangoni, akamgeuzia mgongo na kuingia ndani. Hatukushangaa. Bandarini haendi.

Tulikwenda sisi wanawake, pamoja na mama mkubwa, dada wa mama, aliyeteuliwa kumsindikiza bibi harusi. Tulikuwa na masanduku, godoro, vyungu na mabunda ya vitenge, ingawa vitenge vyenyewe vilitoka huko huko tulikokuwa tunavipeleka. Mdogo wangu alikuwa analia na kutoa amri kwa wakati mmoja. Mume wake, mpya na mtiifu, alikuwa anahamisha godoro lile lile kutoka upande huu wa boti kwenda upande ule.

Ndipo bodaboda ikasimama getini. Akashuka baba mdogo, kanzu nyeupe, kofia, begi dogo begani, na mkononi karatasi ya kusafiria iliyogongwa muhuri wa uhamiaji. Hakuwa amemwambia mtu. Alipita katikati yetu bila kututazama, anatazama sakafu ya gati.

"Unakwenda wapi?" mama akamuuliza.

"Ng'ambo."

"Umeona wapi baba anamsindikiza bibi harusi? Kufanya nini?"

"Kuona mlango."

Mama hakuelewa, na mimi pia sikuelewa. Baba mdogo akasimama, akaweka begi chini. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akisema jambo kwa sauti ndogo na koo lake likiwa zima.

"Dada yangu alipotoweka," akasema, "kila nikimwombea nilitaka nimwone akilini pale alipo, nikashindwa. Sikuwahi kufika. Sikujua hata mlango wake unatazama wapi. Huyu nataka niujue wake."

Mdogo wangu aliacha kutoa amri. Mume wake akaliweka godoro chini, akashuka, akanyoosha mkono. Baba mdogo akaushika kwa mikono yake miwili, akafumba macho, akapanda. Walimkalisha katikati kabisa, kati ya masanduku na vitenge, mbali na maji kadiri boti ilivyoruhusu.

Tuliwapungia mpaka mikono ikachoka. Injini iliwaka kwa mara ya kwanza bila matatizo, boti ikageuka, na ilipokuwa imeshatoka vizuri bado tulikuwa tunamsikia akimuuliza nahodha kama anaijua njia.